Kutunza saa ya Romeo na Juliet: shajara ya mazoezi

Jumamosi, baada ya kusoma mezani

Kazi niliyopewa ni ndogo kwa jina: kutunza saa ya mchezo. Mwongozaji anataka jedwali moja linaloonyesha kila onyesho la Romeo na Juliet linatokea siku gani na saa ngapi, ili mtu wa taa, mtu wa mavazi na waigizaji wote wasome kitu kimoja. Leo tumeusoma mchezo mzima mezani. Mimi nilikaa pembeni na kalamu, nikiandika kila mahali mhusika anapotaja saa, siku, jogoo, kengele, jua au mshumaa. Ni mengi mno. Shakespeare hakuwa na taa za kuzima: majukwaa ya wazi ya London yalichezewa mchana kweupe, kwa hiyo usiku ulipaswa kuletwa kwa maneno na kwa mwenge mkononi. Ndiyo maana watu hawa wanaulizana saa kila mara, kama abiria wanaosubiri basi.

Tumekubaliana mambo mawili. Saa zote za jedwali ni saa zetu. Benvolio, binamu wa Romeo, akisema kengele imegonga tisa, tunaandika saa tatu asubuhi na mwigizaji atatamka saa tatu. Pili, usiku wenye utata tunauita wa kuamkia siku fulani, ili mtu asije akaniuliza katikati ya mazoezi ni Jumatatu ipi.

Mifupa ya jedwali ni hii. Jumapili saa tatu asubuhi Romeo anaonekana mara ya kwanza, ugomvi wa mtaani Verona umeshatulizwa. Usiku kuna karamu kwa mzee Capulet, baba yake Juliet na adui wa ukoo wa Romeo, na kuamkia Jumatatu wapenzi wako kwenye bustani, yeye chini, Juliet juu dirishani. Jumatatu alasiri wameoana, na saa moja baadaye Mercutio, rafiki wa Romeo, na Tybalt, binamu wa Juliet, ni maiti. Jumanne alfajiri Romeo, aliyemuua Tybalt, anaondoka kwenda uhamishoni Mantua. Jumanne usiku Juliet anakunywa dawa, Jumatano asubuhi wanamkuta hana uhai. Baada ya hapo jedwali linaingia ukungu, na nimeacha safu wazi.

Jumatatu

Leo hakuna mazoezi, nimeshinda na chanzo cha kisa. Shakespeare alilitumia shairi refu la Arthur Brooke, lililochapwa London mwaka 1562, na kule mambo yanakwenda kwa miezi. Karamu iko msimu wa Krismasi. Wapenzi wanaoana kwa siri na kuifaidi ndoa yao mwezi mmoja au miwili. Tybalt anauawa Pasaka imeshafika. Miaka thelathini na kitu baadaye Shakespeare akaikunja miezi yote hiyo ndani ya siku nne tano za joto la Julai. Akapunguza na umri: Juliet wa Brooke anakaribia 16, wa Shakespeare hajatimiza 14, bado wiki mbili na siku kidogo. Tarehe hiyo tunapewa na Yaya, ambaye hahesabu kwa kalenda bali kwa tetemeko la ardhi la miaka 11 iliyopita na siku aliyomwachisha mtoto ziwa.

Faida ya kukunja muda ninaiona hivi: habari hazipati nafasi ya kufika. Mzee Capulet hajui kwamba binti yake ni mke wa mtu kwa sababu ndoa yenyewe ina saa chache. Romeo anapokataa kupigana na Tybalt, pale uwanjani wote wanadhani ni woga, kwani sababu ya kukataa ilifungwa kanisani muda mfupi uliopita na hakuna aliyeambiwa. Wape watu hawa wiki moja tu, nusu ya mchezo inakufa. Mama angeng'amua, au yaya angeropoka, au hasira ya Mtawala wa mji ingepoa.

Mabaki ya muda wa zamani yamebaki humohumo, lakini. Jumanne asubuhi Juliet analalamika kwamba Yaya alishamsifu Romeo maelfu ya mara. Lini? Yaya amemjua huyo kijana tangu juzi usiku. Dada anayeigiza Yaya aliniuliza hilo kwa simu, nikamwambia aliache, mtazamaji hana kalamu.

Jumatano, mazoezi ya tendo la kwanza na la pili

Onyesho la kusubiri limenifurahisha kuliko yote. Juliet amemtuma Yaya saa tatu asubuhi, aliahidi kurudi baada ya nusu saa, na sasa ni saa sita mchana. Saa tatu nzima za Juliet, kwetu tulioketi ukumbini ni onyesho moja la vijana wakitaniana barabarani. Kisha Yaya anaingia na saa yetu ndiyo inayoanza kuburuzwa: mgongo unamuuma, kichwa kinamwanga, mama yuko wapi, umeshakula? Juliet anamwambia, unakosaje pumzi na unayo ya kuniambia huna pumzi? Mwongozaji amemtaka Yaya avue viatu polepole, kimoja baada ya kingine, kabla ya kutoa jibu. Waliokuwa wakitazama mazoezi walianza kuguna kwa hamu kabla ya kiatu cha pili.

Kaka anayeigiza Padri Laurence aliomba aingize haraka haraka haina baraka pale anapomwonya Romeo kwamba wakimbiao hujikwaa. Amekataliwa. Ukumbi mzima utaimalizia methali kwa sauti, watapiga makofi, na onyo litakuwa limegeuka mzaha.

Kitu kingine kutoka kwa Padri: Jumatatu alfajiri anamtazama Romeo na kumwambia kwamba doa la chozi la zamani bado liko shavuni, halijaoshwa. Chozi la Rosaline, yule msichana ambaye hatumsikii akisema neno hata moja, aliyekuwa akililiwa hadi jana. Mtu wa vipodozi ameandika: Romeo aingie Jumapili na mchirizi hafifu shavu la kushoto, usifutwe wakati wa karamu, ubaki hadi kwa Padri. Watazamaji wa viti vya nyuma hawatauona. Romeo mwenyewe anajua upo, na ameanza kuligeuza shavu hilo upande wa pili anapoongea na Juliet.

Ijumaa

Padri anamwambia Romeo kitu kimoja zaidi pale: wewe hujalala kitandani usiku huu. Na Mercutio asubuhi ileile anauliza, Romeo hakurudi nyumbani? Nikaongeza safu ya nne kwenye jedwali: usingizi. Nani amelala, lini.

Safu imejaa haraka na imejaa sufuri. Romeo: Jumapili, saa nzima kabla ya jua, tayari yuko nje anatembea chini ya miti, Benvolio alimwona. Kuamkia Jumatatu yuko bustanini, kisha kwa Padri. Kuamkia Jumanne yuko kwa mkewe. Usingizi wa kwanza tunaousikia ni wa Mantua, na humo ameota mkewe amekuja kumkuta yeye amekufa. Juliet: usiku mmoja dirishani, usiku wa pili na mumewe, wa tatu anakunywa dawa. Usingizi wake pekee tunaoushuhudia umetoka ndani ya chupa. Yaya naye, kuamkia Jumanne, yuko kwa Padri anasema angeweza kukaa usiku kucha kusikiliza mawaidha mazuri.

Na mzee Capulet. Nimempelekea safu yake kabla hatujaanza. Anayemwigiza ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuuliza, na swali lake lilikuwa kwenye onyesho fupi la Jumatatu usiku, pale anapompa Paris, mposaji wa Juliet, tarehe ya harusi.

"Mwanangu, huyu anacheka nini hapa? Anauliza leo siku gani, anaambiwa Jumatatu, anacheka. Mtoto wa kaka wa mkewe kafa mchana huu."

"Shikamoo kwanza, Mzee."

"Marahaba. Anacheka nini?"

Nikamwonyesha mistari miwili. Mmoja anasema kama si heshima ya mgeni angekuwa ameshapanda kitandani saa nzima iliyopita. Mwingine anasema muda umekwenda hata karibu tuuite mapema.

"Basi hacheki," akasema. "Kachoka."

Akaisoma tena. Safari hii kicheko kilitoka puani, kifupi, na huku anahesabu siku kwa kidole kwenye ukingo wa meza: Jumatano ni karibu mno, basi Alhamisi. Kidole kikasimama hapo. Paris akashukuru. Hakuna aliyepaza sauti, na Juliet yuko chumba cha juu na mumewe.

Hapo ndipo nilipoona mchezo huu unaendeshwa na kitu gani. Watu wengi wanasema nyota, kwa sababu utangulizi unataja nyota. Mimi naona mzee asiyelala aliyeshika kalenda. Jumapili mchana anamwambia Paris asubiri, viangazi viwili vipite ndipo binti awe tayari kuolewa. Jumatatu usiku viangazi viwili vimekuwa siku tatu. Jumanne jioni siku hizo zimekuwa kesho. Hakuna nyota iliyomlazimisha.

Jumapili, mazoezi ya tendo la nne

Leo tumefika kwenye saa 42, na tumekwama humo hadi giza likaingia.

Padri anampa Juliet dawa Jumanne mchana, ili aikwepe harusi na Paris. Maelekezo yako wazi: kesho ni Jumatano, kesho usiku lala peke yako, kunywa, utakuwa kama maiti kwa saa 42, kisha utaamka kama mtu aliyeamka usingizini. Tufanye anakunywa saa nne usiku. Saa 42 zinaishia Ijumaa saa kumi jioni. Harusi ya Alhamisi imegeuka mazishi, Romeo amepata Alhamisi nzima na mchana wa Ijumaa kuja kutoka Mantua, ambako ni kama kilomita 40 tu. Ni mpango wa kutisha, ila kwa hesabu una nafasi.

Juliet anarudi nyumbani, anapiga magoti, anamwomba baba radhi. Anaigiza utii vizuri mno. Baba anafurahi hata anaagiza harusi iwe kesho asubuhi. Mkewe anapinga: hapana, Alhamisi, muda upo, na vyakula havitatosha, jua limekaribia kuzama. Anasukumwa pembeni. Mzee anasema leo halali, yeye ndiye atakuwa mama wa nyumba usiku huu. Siku moja imekatwa, na Padri hayuko chumbani kusikia.

Dada anayeigiza Juliet aliuliza kama anapaswa kuonyesha hofu pale tarehe inaposogezwa. Hana mstari wowote wa kupinga, anamwomba tu Yaya amsaidie kuchagua mapambo ya kesho. Mwongozaji akamwambia afanye hesabu. Ahesabu kweli, kichwani, mbele ya baba, huku anatabasamu. Tumeijaribu na ilituma ubaridi.

Kisha jikoni, saa tisa usiku: jogoo amewika mara ya pili, kengele imelia, wanaitisha tende na mapera ya Kizungu ya kutia kwenye mikate, na Yaya anamwambia bwana mkubwa akalale, kesho ataumwa kwa kukesha. Naye anajibu amewahi kukesha kwa sababu ndogo kuliko hii na hakuumwa. Onyesho hili maproduza wengi hulikata kuokoa dakika. Nimeomba libaki. Mle jikoni watu wanakimbizana na magogo na mishikaki ilhali sisi tunajua juu kuna nini, na ndio usiku pekee katika mchezo ambao nyumba nzima iko macho isipokuwa Juliet.

Jumanne

Ile safu niliyoiacha wazi. Baada ya mzee kusema kesho, siku zinaacha kutajwa. Tendo la tano halina jina la siku hata moja, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Dawa imenywewa Jumanne usiku badala ya Jumatano. Saa 42 kutoka saa nne usiku zinatufikisha Alhamisi saa kumi jioni, jua kali nje. Lakini onyesho la kaburini ni la usiku, na linaishia alfajiri. Kwa hiyo ama Juliet ameamka mapema, kuamkia Alhamisi, baada ya saa thelathini hivi, ama amechelewa hadi kuamkia Ijumaa, zaidi ya saa hamsini. Mlinzi wa zamu anasema amelala kaburini siku mbili, na hilo linavuta upande wa Ijumaa. Upande wa Alhamisi una mwendo wa mchezo wenyewe: Balthasar, mtumishi wa Romeo, anaona mazishi, anachukua farasi wa kukodi, anafika Mantua, na Romeo anaapa atalala karibu na Juliet usiku huohuo.

Mwongozaji amechagua Alhamisi, na nakubaliana naye kwa sababu moja. Alhamisi ndiyo siku ambayo kidole cha mzee kilisimama. Jua linachomoza siku ya harusi na bwana harusi Paris amelala chini pamoja na wale wengine wawili. Saa 42 tutaziacha mdomoni mwa Padri kama zilivyo. Mlinzi naye atasema siku mbili zake. Kwake yeye Jumatano na Alhamisi ni mbili.

Barua imenishughulisha zaidi. Mwishoni, mbele ya Mtawala, Padri anaeleza kwamba alimwandikia Romeo aje usiku huu, muda ambao nguvu ya dawa ingekwisha. Kama aliandika Jumanne mara baada ya kumpa Juliet chupa, barua ingetaja usiku mwingine kabisa. Basi iliandikwa, au iliandikwa upya, baada ya tarehe kusogezwa. Halafu mtawa aliyepewa kuipeleka, John, akaenda kumtafuta mwenzake wa safari, akamkuta kwenye nyumba ya wagonjwa, wakaguzi wa mji wakashuku tauni na kuwafungia humo. Barua haikutoka hata Verona. Habari yenye kasoro ilipanda farasi, iliyo sahihi ikapigwa kufuli.

Ukikesha na mambo haya unaanza kuona kwamba Balthasar ndiye mtumishi bora kuliko wote mjini, na uhodari wake ndio unaoua.

Alhamisi, taa

Kuna aliyependekeza tuonyeshe saa kubwa ukutani kwa projekta, namba zikibadilika. Nimepinga, na mtu wa taa pia, kwa sababu yake mwenyewe kwamba mwanga wa projekta utaua giza. Sababu yangu ni kwamba mtazamaji akipewa saa ataanza kukagua hesabu, na tumeona hesabu zenyewe zilivyo.

Badala yake tunatumia moto wa kubebwa. Usiku wote unaletwa na mtu: mienge ya karamu, mshumaa wa Yaya, kandili ya Padri makaburini. Mwenye ukumbi hataki moto wa kweli, kwa hiyo ni taa za betri zenye kutetema. Alfajiri ya Jumanne ndiyo pekee inayoingia polepole kutoka nje, wakati wapenzi wanabishana kama aliyelia ni ndege wa usiku au wa asubuhi. Mtu wa taa anaipandisha kidogo kidogo tangu mstari wa kwanza, Juliet bado anakana, hata Romeo anapokubali kwamba basi ni usiku, aje auawe, uso wake tayari unaonekana wote. Juliet anabadilika papo hapo na kumfukuza. Tulirudia mara kadhaa kwa sababu mwanga ulikuwa unamtangulia.

Jumamosi

Kaburini. Padri anajua Juliet ataamka ndani ya saa tatu, anakwenda na mtaimbo na kandili, anajikwaa makaburini. Anamkuta Balthasar nje na kumuuliza bwana wake ameingia tangu lini. Nusu saa kamili. Ndiyo tofauti yote.

Mwaka 1748 David Garrick alilibadilisha hilo katika onyesho lake la London: Juliet akaamka Romeo ameshakunywa sumu ila hajafa, wakapata mazungumzo ya kuagana. Watu walilipenda kwa karibu miaka mia, na masimulizi ya kale ya Kiitaliano yalikuwa hivyo pia. Wawili wetu hapa wanalitaka. Mwongozaji hataki, nami sitaki. Ukiwapa hata dakika mbili za kuongea, umewarudishia muda ambao mchezo wote umekuwa ukiwanyang'anya. Wanakutana jukwaani mara tano tu, na ya tano mmoja wao kila mara hasikii.

Alichoacha mwongozaji kikatwe ni sehemu ya hotuba ya Padri, anayeahidi kuwa mfupi kwa kuwa pumzi zake zimebaki chache, kisha anasimulia mchezo wote upya kwa mistari arobaini. Utangulizi umewaahidi watu saa mbili, na maandishi yana karibu mistari 3,000. Sisi tunalenga saa mbili na nusu, pamoja na mapumziko baada ya kifo cha Tybalt.

Yaliyobaki: mtu wa mavazi anataka kujua kama Romeo abadili nguo Mantua. Ndiyo, abadili, ndiko alikolala. Capulet abaki na joho lilelile kutoka Jumanne jioni hadi mwisho. Duka la mwuza dawa lifungwe mlango, ni sikukuu, Romeo anasema mwenyewe. Keshokutwa tunapitisha tendo la nne na la tano bila kusimama, na mtu wa vifaa bado anatafuta kandili ya pili inayofanana na ile ya kwanza.